Je, lazima niwe na leseni ya serikali ndo niwasaidie kina mama kunyonyesha?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Clarkston, pale pembeni ya Atlanta, jimbo la Georgia. Kwao ni Uvira, Kongo, alikuwa anasaidia wakunga kwenye kituo cha afya kabla vita haijamtoa, sasa hivi usiku anapiga shifti kiwanda cha kuku na mchana simu haipoi, kina mama wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kitanzania wanamwita manake wametoka hospitali na mtoto wa siku mbili, matiti yamevimba, chuchu zimechanika, mtoto hashiki titi na bibi yuko mbali hawezi kuja. Anaenda, anakaa nao mpaka mtoto ananyonya, wengine wanamwekea dola 20 au 30 mkononi. Sasa anataka iwe kazi yake kabisa. Mtu mmoja wa hospitali akamwambia aache mara moja, eti Georgia ukimshauri mama kunyonyesha na ukapokea hela bila leseni ya serikali unavunja sheria. Anauliza: ni kweli? Kama sio kweli, asomee nini ili alipwe vizuri? Na mdogo wake yuko Portland, Oregon, anafanya hivohivo, je sheria ni moja?

Dada yangu, jibu fupi la swali la kwanza ni hapana, sio kweli, ila huyo mtu hakulitoa hewani. Kuna sheria ya hivo ilipitishwa kweli Georgia na ilikaa kwenye vitabu miaka kadhaa, ikapigwa chini na Mahakama Kuu ya jimbo mwezi wa 5 mwaka 2023. Watu wengi mahospitalini walisikia sheria imepita, hawakusikia imekufa. Ngoja nikueleze ilivyokuwa manake ukiijua hii stori vizuri hakuna atakayekutisha tena, na pia utajua sehemu ambayo ni kweli unatakiwa uwe makini.

Mwaka 2016 gavana wa wakati ule, Nathan Deal, alisaini sheria inaitwa Georgia Lactation Consultant Practice Act. Ilisema mtu yeyote anayetoa huduma ya unyonyeshaji kwa malipo lazima awe na leseni ya jimbo, na leseni hiyo utaipata tu kama una cheti kimoja, IBCLC, kinachotolewa na bodi ya kimataifa inayoitwa IBLCE iliyoanzishwa mwaka 1985. Mwisho wa kujipanga ulikuwa tarehe 1 Julai 2018, baada ya hapo mtu asiye na hicho cheti asipokee hela. Yapo makundi yaliyosamehewa, kama madaktari na manesi wenye leseni zao, wafanyakazi wa WIC (mpango wa serikali wa lishe ya kina mama na watoto), madula (wanaomsindikiza mama wakati wa kujifungua), na wanaosaidia bure. Sasa wewe angalia hapo mwisho: ukisaidia bure sawa, maarifa yaleyale mikono ileile, ukilipwa unakuwa mvunja sheria. Kama wasiwasi ulikuwa usalama wa mtoto, huyo mtoto anakuwaje salama pale ambapo hujalipwa? Mi hilo swali nililiuliza siku nyingi sana na sijawahi kupewa jibu la kueleweka.

Na nikuambie kabisa, mimi mwenyewe ni IBCLC, nakikubali cheti changu, nilikitolea jasho, na sheria ile ingeninufaisha mimi na wenzangu. Bado naona ilikuwa sheria mbaya.

Kabla hata haijapita, Georgia ina baraza lake la serikali linalopitia miswada ya kuweka leseni kwenye kazi mpya. Mwaka 2013 lilipelekewa mswada uliotangulia huu, likaupitia, likashauri usipite, manake hawakuona ushahidi wa kina mama au watoto kuumizwa na wasaidizi wasio na leseni. Wabunge wakaja kupitisha hivohivo miaka mitatu baadaye. Aliyeipeleka mahakamani ni Mary Jackson, mama aliyefanya kazi ya kuwasaidia kina mama kunyonyesha kwa zaidi ya miaka 30, akiwemo pale hospitali ya Grady Memorial ya Atlanta, na ni mmoja wa waanzilishi wa Reaching Our Sisters Everywhere, shirika ambalo wengi wanaliita ROSE, linalofundisha wasaidizi na kuhudumia hasa familia za Wamarekani weusi. Yeye ana cheti cha CLC, cheti kingine cha unyonyeshaji chenye kozi fupi zaidi, sio IBCLC. Yaani kwa sheria ile mama wa miaka 30 kazini, aliyefundisha wengine, angeambiwa kaa pembeni. Akasimama na shirika la mawakili la Institute for Justice, wakafungua kesi mwezi wa 6 mwaka 2018, siku chache kabla sheria haijaanza kuuma, na jimbo likakubali kutoitumia mpaka kesi iishe.

Kesi ilichukua karibu miaka mitano. Mahakama ya chini iliitupa kwanza, Mahakama Kuu ya Georgia mwaka 2020 ikairudisha ikisema katiba ya jimbo inalinda haki ya mtu kufanya kazi halali bila serikali kumwingilia isivyo na msingi, ikarudi chini, jaji wa kaunti ya Fulton mwaka 2022 akaona sheria ni ya kibaguzi kwa sababu inawatenga watu wenye uwezo uleule, serikali ikakata rufaa, na tarehe 31 Mei 2023 Mahakama Kuu, majaji wote kwa sauti moja, wakasema sheria inavunja katiba. Hoja yao kwa lugha ya kawaida: ukitaka kumzuia mtu na kazi yake halali lazima uoneshe kuna madhara ya kweli unayoyazuia, na hapa serikali haikuonesha. Kulinda kundi moja la wataalamu lisipate washindani hakutoshi. Hiyo hukumu ndo inakulinda wewe leo ukiwa Clarkston. Jina la kesi ni Raffensperger dhidi ya Jackson, liandike mahali kwenye simu, siku akija mtu mwingine na vitisho unamtajia tu jina na mwaka.

Sasa nisije nikaonekana nasema waliotaka leseni walikuwa watu wabaya, hapana. Wengi nawajua walikuwa na sababu moja nzito na sababu yenyewe ni bima. Sheria ya afya ya Obama ya mwaka 2010 inazilazimisha bima nyingi kulipia msaada wa kunyonyesha na mashine ya kukamulia bila mama kutoa senti. Kwenye karatasi inapendeza sana. Ila kampuni ya bima ina tabia moja, inapenda kumlipa mtu mwenye leseni ya jimbo, na kama jimbo halina leseni ya kazi hiyo basi wanasema hatuna wa kumlipa, mama anabaki na bili. Kina mama walilalamika mpaka mwezi wa 10 mwaka 2015 serikali kuu ikatoa ufafanuzi: bima lazima iwe na orodha ya watoa huduma hiyo, mama asihangaike kubahatisha, na kama haina mtu kwenye mtandao wake haiwezi kumtoza mama akienda nje. Na jimbo kutokuwa na leseni sio kisingizio, huduma inaweza kulipwa kupitia mtoa huduma mwingine, mfano nesi, anayefanya ndani ya mipaka ya leseni yake. Sasa wewe ukiwa IBCLC ambaye sio nesi, unaona kabisa kwa nini utatamani leseni. Ni mlango wa kulipwa. Hapo nawaelewa kabisa, kosa lao ni kwamba mlango waliuomba ufunguke kwao huku ukifungwa kwa wengine.

Na kufungwa huko kungemuumiza nani? Georgia ina kaunti 159, nyingi za vijijini hazina hata daktari wa uzazi, achilia mbali IBCLC. Kina mama weusi ndo wanaonyonyesha kwa kiwango cha chini kuliko wengine, na wanaowafikia ni hao kina Mary Jackson, wanaojua mtaa, kanisa, namna ya kuongea na mama mkwe. Kwetu ni hivohivo. Mama wa Kizaramo au wa Kimanyema anapokuambia anaogopa mtoto atabemendwa, IBCLC mzungu hata awe na moyo mzuri kiasi gani hajui pa kuanzia, wewe unajua, unamkalisha chini mnaongea na mume akiwepo, mnamaliza. Anapokuambia maziwa ya kwanza ya njano ni machafu ayamwage, unajua hiyo dhana imetoka wapi na unajua ukimjibu kwa dharau hatakuita tena.

Kuna historia hapa ambayo wazee weusi wa Georgia hawajaisahau. Kusini mwa Marekani zamani watoto wengi weusi walizalishwa na wakunga wao wa mtaani, kina bibi. Ikaja sheria ya Sheppard-Towner mwaka 1921, hela zikatoka za kuwafundisha na kuwasajili wakunga, na ndani yake kulikuwa na mambo mazuri, usafi, mikoba ya vifaa, kuandikisha vizazi. Ila kadiri miaka ilivyokwenda usajili ukageuka njia ya kuwapunguza, masharti yakapanda, vibali havikutolewa tena, mpaka wakaisha kabisa, na kaunti nyingi zilizowapoteza hazikupewa mtu mwingine badala yao. Kwa hiyo serikali inaposema tunaleta leseni kwa ajili ya usalama wenu, mama mweusi wa Georgia anasikia kitu kingine kabisa, na ana haki ya kusikia hivyo. Sisi tuliotoka kwenye nchi ambazo mkunga wa jadi alikatazwa kabla kituo cha afya hakijajengwa karibu tunaelewa vizuri sana.

Lingine linalonikera mimi kwa kweli. Mwezi wa 5 mwaka 1981 nchi zilikaa Geneva kupigia kura kanuni za kimataifa za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo, 118 zikasema ndiyo, moja tu ikasema hapana, Marekani. Mpaka leo haijaweka zile kanuni kwenye sheria zake. Kenya wana sheria ya mwaka 2012 inayobana kampuni za maziwa ya kopo, Tanzania ina kanuni zake tangu mwaka 1994 na zikaboreshwa 2013, kule huwezi kuweka picha ya mtoto kibonge kwenye kopo ukamwingia mama wodini na zawadi. Huku kampuni inamtumia mama mjamzito kopo la bure nyumbani kwake, hakuna anayeiuliza, alafu nguvu ya sheria inaelekezwa kwa mama anayekwenda kumfundisha mwenzake kumpakata mtoto! Kama serikali ingetaka kweli kuwalinda watoto ingeanzia upande ule.

Haya, sehemu yako sasa. Kwamba sheria haikuzuii haina maana hakuna mipaka, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kote huko juu.

Kwanza wewe sio daktari na mteja asikuone hivyo. Kazi yako ni kuangalia mtoto anavyoshika titi, kumsaidia mama kupakata, kukamua, kupunguza uvimbe, kumpa moyo, kumwelekeza. Kuna dalili ukiziona humalizi hata chai, unawapeleka. Mtoto akifika siku ya 5 au ya 6 anatakiwa alowanishe nepi kama 6 au zaidi kwa saa 24 na choo kiwe kimegeuka njano, kama nepi ni kavu au choo bado cheusi kuna shida. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au wiki mbili zimepita hajarudi kwenye uzito wake, daktari leo, sio kesho. Macho na ngozi kuwa za njano inayozidi, mtoto anayelala mpaka haamki kula, homa kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, hospitali. Mama mwenye titi jekundu, moto, na homa na kutetemeka, daktari. Nunua mzani mzuri wa watoto ukipata hela, huo utakusaidia kuliko vyeti vingi, manake "maziwa hayatoshi" nyingi ni hofu tu na mzani unaituliza, na chache ni kweli na mzani ndo unaiona.

Dawa usiguse. Najua kule nyumbani watu wanapeana vidonge vya domperidone, wengine wanavijua kwa jina la Motilium, vya kuongeza maziwa, na najua vinaletwa kwenye mabegi. Hapa Marekani havijaidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa na chakula, mwaka 2004 walitoa onyo kabisa kwa sababu ya matatizo ya moyo, ukimpa mama kidonge hicho ikatokea shida hakuna hukumu ya Georgia itakayokuokoa. Uji na mtori mpikie, havina kesi. Na habari za kukata kimeo au kung'oa meno ya plastiki ziishie hukohuko, hata mama mkwe akilia. Ngozi ya chini ya ulimi ikiwa imembana mtoto kweli, wapo madaktari wake, wewe ukiona unamshauri mama akaonwe, hukati wala hutamki kwamba ndo ugonjwa wenyewe.

Suala la virusi vya ukimwi lazima niliseme manake litakukuta. Kule kwetu, Kongo, Tanzania, Kenya, mama anayetumia dawa vizuri anaambiwa anyonyeshe. Huku kwa miaka mingi waliambiwa wasinyonyeshe kabisa, kina mama wengi wakanyonyesha kwa kujificha, kitu cha hatari kuliko chochote. Mwaka 2023 miongozo ya serikali ilibadilika, sasa mama na daktari wake wanakaa wanaamua pamoja, na 2024 chama cha madaktari wa watoto nacho kikasema kitamsaidia mama anayetumia dawa na virusi vimeshuka havionekani. Wewe usimwamulie. Mwambie tu kwamba mambo yamebadilika, aongee na daktari wake kabla hajajifungua, na alichokuambia kikae kifuani mwako. Clarkston ni ndogo. Siri ya mama mmoja ikitoka kwako kazi imeisha, na haki iwe hivyo.

Kuhusu kusoma na kulipwa. Kwanza anza na WIC, ule mpango wa serikali wa lishe ya kina mama na watoto, nadhani wateja wako wengi wanaujua kwa kadi yake. WIC ina kazi inayolipwa ya washauri rika, sifa kubwa ni uwe uliwahi kunyonyesha, uwe unatoka kwenye jamii ileile na ujue lugha yao, mafunzo wanakupa wao. Kwa mtu anayeongea Kiswahili, Kifuliiru na Kirundi Clarkston wewe ni dhahabu, nenda idara ya afya ya kaunti ya DeKalb uulize nafasi, peleka barua ya kliniki yoyote inayokujua. Mshahara sio mkubwa, ila masaa yako yanahesabika na unafanya chini ya mtu anayekusimamia, hicho ndo unachokosa sasa hivi.

Hatua ya pili ni CLC. Ni kozi yenye mtihani mwishoni, gharama ni mamia ya dola, na yapo mashirika yanayotoa ufadhili kwa watu wa jamii ambazo hazifikiwi, ROSE na wengine kama wao waulize. Ukiwa na CLC unaweza kujitangaza kwa sifa yako ya kweli. IBCLC ni safari ndefu zaidi: masomo 14 ya sayansi ya afya kama huna taaluma ya afya inayotambulika, masaa 95 ya masomo ya unyonyeshaji, alafu masaa ya vitendo, ambayo kwa njia ya kwanza ni 1,000 ndani ya miaka mitano kwa wataalamu wa afya na wasaidizi wa mashirika yanayotambulika, njia ya pili ni 300 ukiwa ndani ya programu ya chuo, njia ya tatu ni 500 chini ya IBCLC anayekufundisha, kisha mtihani, na kila miaka mitano unahuisha. Ushauri wangu usiidharau hii safari eti kwa sababu mahakama imesema sio lazima. Ukifika siku unakutana na mapacha wa wiki 33, au mama aliyefanyiwa upasuaji wa matiti, ndo utajua kwa nini tunasoma masaa yote hayo. Vyeti vyako vya Uvira vitafute, vitafsiriwe, usivitupe hata kama unaona havina kazi huku, wanapopima masomo uliyosoma vinaweza kukupunguzia mzigo.

Jina usijipe ambalo huna. Usiandike kwenye kipeperushi kwamba wewe ni nesi, kama sio nesi aliyesajiliwa Georgia, hilo ndo kosa la kweli na sheria yake ipo hai. Andika "msaidizi wa unyonyeshaji, naongea Kiswahili na Kirundi", basi, inatosha na inavutia kuliko herufi kumi.

Hela: kwa sasa mteja akulipe mwenyewe, andika risiti kila mara, na ujue ukipata faida ya kujiajiri inayofika dola 400 kwa mwaka unatakiwa uitangaze kwenye kodi. Ulizia ofisi ya mji kama unahitaji kibali cha biashara ndogo ya nyumbani, hicho ni kibali cha biashara tu, kisikuchanganye na leseni ya taaluma. Ukishakuwa na cheti omba namba ya NPI, namba ya kumtambulisha mtoa huduma ya afya, ni bure kwenye mtandao wa serikali kuu, uwape kina mama invoisi ambayo wanaweza kuipeleka kwenye bima yao kudai warudishiwe. Sikuahidi bima zitalipa zote, nyingi zitakataa mara ya kwanza, mama akate rufaa kwa maandishi na ataje kwamba sheria inataka huduma hii ilipwe bila makato. Na ukianza tu kulipwa mara kwa mara kata bima ya kazi yako mwenyewe, ya kukulinda ukishtakiwa, sio ghali sana kwa kazi hii na utalala usingizi.

Mdogo wako wa Oregon sasa. Hapana, sheria sio moja, leseni za kazi huku kila jimbo lina zake na hukumu ya Georgia haivuki mpaka. Rhode Island ndo walitangulia kuweka leseni mwaka 2014. Oregon walipitisha yao 2017, leseni zikaanza kutoka 2018, zinasimamiwa na Health Licensing Office iliyo chini ya Oregon Health Authority, na leseni imefungwa na IBCLC. Kwa hiyo akiwa Portland asijiite mshauri wa unyonyeshaji kwa lile jina lao la Kiingereza la leseni, kwenye kadi wala kwenye Facebook, mpaka awe nayo. Sheria ya kule ina misamaha yake, aipigie simu hiyo ofisi aeleze anachofanya, anamfanyia nani na analipwaje, aombe jibu kwa barua pepe, alihifadhi. Wakati anasubiri, WIC ya kule nayo inaajiri washauri rika na hiyo haina utata.

Mi kama ningeulizwa jimbo gani limefanya vizuri ningesema New Mexico. Nao walipitisha sheria 2017, leseni inatolewa na bodi ya manesi, ila wanakubali zaidi ya cheti kimoja, IBCLC anaingia na CLC anaingia, na asiyeitaka leseni anaendelea kuwasaidia watu ilimradi asijiite mwenye leseni. Bima inapata mtu wa kumlipa, mama wa mtaani hafukuzwi. Kama Georgia wabunge watarudi tena na mswada mwingine, na nadhani watarudi manake shida ya bima ipo palepale, huo ndo mfano wa kuwapelekea, na kwenye hicho kikao inatakiwa wewe uwepo, na mkalimani wako kama utahitaji, uwaambie unafanya nini saa nne usiku kabla hujaenda shifti. Walipopitisha ile ya 2016 watu kama wewe hawakuwa chumbani.

Kuhusu huyo wa hospitali, usigombane naye. Mpelekee hukumu, alafu muombe namba ya IBCLC wa hiyo hospitali. Utamhitaji siku ya kwanza tu utakapokutana na mtoto aliyepungua asilimia 11.